Kikohozi cha Paulin

Syauswa aliondoka Butembo siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni 2001, kabla ukungu haujapanda kutoka mabondeni. Alikuwa anakwenda Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kununua papaini, ule utomvu wa mapapai unaokaushwa mpaka uwe unga. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake. Mwenzake wa safari alikuwa Paulin, rafiki wa miaka ishirini, aliyemsimamia siku ya ndoa yake. Kavuo, mkewe, aliwasindikiza mpaka barabara kubwa, akawaona wakipanda nyuma ya pikapu, kisha akarudi kwenye palizi ya maharagwe yake. Alasiri mvua ilinyesha. Kiti cha Syauswa kilibaki tupu, na hakuna aliyeshtuka, maana ilikuwa siku ya kwanza tu.

Siku ya kumi na mbili tangu waondoke, Paulin alirudi peke yake, kwa miguu. Miguu ilikuwa imevimba, shati limekuwa matambara, na sauti hana. Watu walipomkimbilia wakimuuliza mwenzake yuko wapi, alionyesha shingo yake kwa kidole, akaomba karatasi kwa mkono. Aliandika mistari tisa. Watu wenye silaha waliwasimamisha baada ya daraja. Yeye Paulin walimpiga kooni kwa kitako cha bunduki, sauti ikakatika. Syauswa walimpiga risasi mbili kifuani, mwili wakautupa mtoni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya meza ya Inspekta Zorobabel Kasonia, wa parquet, ofisi ya mashtaka, asubuhi ya Alhamisi, tarehe ishirini na nane. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mishahara ilikuwa imesahaulika, na inspekta aliandika maelezo ya mashahidi nyuma ya fomu za zamani za mauzo ya kahawa. Lakini ofisi aliifungua kila siku saa moja na nusu. Mbele yake alikaa Kavuo, mikono imefunikwa na kitenge.

"Afande, sikukuya kulia," alisema. "Kulia nalilia ku nyumba. Nimekuya kuuliza kitu moja."

"Uliza, mama."

"Jana midi, saa sita, nilimupatia Paulin maharagi. Tembe moja ikamupita njia ya mubaya. Akakohoa."

"Mutu akikabwa anakohoa."

"Unisikie kwanza, afande. Kikohozi yake ilikuwa na sauti. Kuku zilikimbia! Miye nilikuwa ku jikoni, nikafikiri ni mutu mwingine ameingia mu lupango, mu kiwanja yetu. Sasa nauliza: mutu mwenye sauti yake ilikufa, ile kikohozi inatoka wapi?"

Zorobabel aliacha kuchonga penseli. "Ulimwambia mutu mwingine?"

"Nilimwambia Phinées, yaya ya bwana yangu, ndugu yake mukubwa. Akaniambia: Kavuo, huzuni inakuchezea masikio." Alikunja pindo la kitenge. "Samedi banazika mugomba, afande. Leo ni jeudi."

Inspekta hakuhitaji kuelezwa maana yake. Kwa desturi ya ukoo wa Syauswa, mtu aliyefia mbali na mwili wake usipatikane, huzikiwa shina la mgomba lililokatwa kwa urefu wake. Shina likishafunikwa kwa udongo, hakuna kurudi nyuma. Mke ni mjane, watoto ni yatima, na hakuna ndugu atakayebeba mfuko kwenda kumtafuta mtu ambaye tayari ana kaburi. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Jumamosi.

"Rudi ku nyumba," alisema Zorobabel. "Paulin asijue ulikuja hapa."

Alikwenda moja kwa moja kwa Emérence. Mama huyo alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya upande wa pili wa kilima, lakini kabla ya vita alifanya kazi miaka kumi na miwili katika chumba cha upasuaji, akimsaidia daktari wa masikio na koo. Alimsikiliza inspekta mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni la sabuni.

"Siwezi kukuelezea na mikono tupu," alisema. "Pita kwa buchee, uniletee koo ya mbuzi. Nzima, na ulimi ikiwa bado juu."

Mwuza nyama alimtazama inspekta kama mtu aliyesikia habari mpya ya mjini.

"Chef! Parquet njo inakula makoo sasa? Kuko nyama ya muguu, iko na mafuta."

"Nataka koo."

"Maskini. Vita imetutesa sisi wote." Akaifunga katika jani la mgomba, akaongeza kipande cha ini kwa huruma.

Emérence alilaza koo la mbuzi juu ya ubao, akaondoa nyama kwa makasi madogo, polepole, mpaka kikabaki kitu cheupe kinachong'aa kama lulu iliyolowa maji.

"Guza. Hii si mufupa, na si nyama. Ni gegedu. Haina damu yake yenyewe, inaomba chakula kwa majirani, njo maana ikiumia inapona polepole sana." Alibonyeza kipande kipana cha mbele. "Hii naiita ngao. Bapa mbili zinakutana hapa mbele, kama paa ya nyumba. Kwa mwanaume inatokeza, njo ile kongomeo unaona inapanda na kushuka mutu akimeza. Chini yake iko pete. Angalia: mbele nyembamba, nyuma pana, sawa pete ya askofu. Mu njia yote ya pumuzi, ni hii peke yake inazunguka nzima, haina mwanya."

Zorobabel alichora kwenye karatasi yake. Mchoro ulifanana na chungu kilichopasuka.

"Sasa juu ya pete, nyuma, unaona hizi mbili ndogo? Kama midomo ya vifaranga. Hizi njo bwana wa nyumba. Zinageuka, zinakaribiana, zinaachana. Nyuzi za sauti zimefungwa kwazo huku, na ku ngao kule. Zikikaribiana, nyuzi zinagusana. Pumuzi ikipita hapo, mutu anaimba."

"Na hii jani?"

"Kifuniko. Ukimeza, inalala juu ya mulango. Kamata sikio yako, uikunje. Umeona inarudi? Kifuniko na sikio ni gegedu ya namna moja."

Inspekta alikunja sikio lake, likarudi. Alilikunja tena.

"Bon," alisema. "Mulango inafungwa sababu gani? Ya kusema?"

Emérence alicheka. "Batu bote banafikiri hivyo. Mbuzi anasema nini, afande? Kazi ya kwanza ya hii kitu ni kufunga. Maji isiingie, chakula isiingie, mutu asife. Kusema ni kazi ya pili, tuliikuta mu nyumba, tukaitumia. Na kukohoa ni kufunga kabisa, kusukuma pumuzi kutoka chini, kisha kufungua kwa gafla. Mutu asiyeweza kufunga hakohoi vile Kavuo anasema. Anafanya *hhhff*, kama mupira ya baiskeli iliyotoboka."

"Donc Paulin anafunga."

"Kama kuku zilikimbia, anafunga vizuri kuliko miye."

Zorobabel alitafakari, kisha akatupa swali ambalo lilikuwa limemkaa moyoni tangu asubuhi. "Hawa ni watu wa papaini. Ile unga inalainisha nyama. Akiipumua, haiwezi kula hizi gegedu?"

"Inaweza kuunguza koo. Nimewaona wanawake bakifanya kazi ya kukausha, beko na sauti ya kukwaruza, na kikohozi ya makamasi isiyoisha. Mais ile haikati sauti siku moja. Na wewe unaniambia walikuwa banaenda kununua. Mifuko ilikuwa tupu."

Inspekta alifuta mstari mmoja kwenye karatasi. "Kitako ya bunduki?"

"Paulin eko na miaka ngapi?"

"Makumi tano na moja."

"Basi ngao yake imeanza kugeuka mufupa. Ya kijana inakunjika na kurudi. Ya muzee inapasuka kama sahani. Ukipiga na nguvu ya kukata sauti, ngao inapasuka, pumuzi inaingia chini ya ngozi, shingo inavimba. Mutu wa namna ile hatembei siku kumi porini na kufika hapa akiomba karatasi." Alifunika ubao kwa kitambaa. "Na kitu ingine, afande. Kunong'ona hakuombi mulango ufunge. Hata mutu mwenye nyuzi zake zimekufa ananong'ona: pumuzi, ulimi na midomo, basi. Paulin amekwisha kumunong'onea mutu?"

Zorobabel alisimama. "Hapana. Anaandika tu."

Walifika kwa Syauswa saa nane. Uani kulikuwa na majirani wachache, sufuria kubwa ya maharagwe motoni, na kando ya ukuta shina la mgomba lililokwisha kukatwa, limelazwa juu ya mkeka mpya. Paulin alikuwa amekaa karibu nalo, blanketi mabegani, penseli na daftari kwenye paja.

Phinées, kaka mkubwa wa Syauswa, aliwapokea kwa heshima, lakini alipoona Emérence ananawa mikono, uso ulikunjamana.

"Inspekta, mutu eko na kidonda. Unataka kumuguzaguza kama mbuzi ya soko?"

"Sheria inaomba, papa Phinées. Mutu aliyepigwa, muganga aone pigo."

Paulin hakupinga. Aliinua kidevu. Emérence alishika kongomeo lake kwa vidole viwili, akapapasa ngao toka juu hadi chini, kisha akalisukuma zoloto zima, lile sanduku la sauti, kulia na kushoto. Lilitoa mkwaruzo mdogo, krr, krr, linavyofanya kwa kila mtu mzima likisuguana na mfupa wa shingo. Akamwambia akohoe. Paulin alisita. Akakohoa hafifu.

"Mu nguvu, papa. Miye si mutoto."

Kikohozi cha pili kilitoka kikavu, chenye mlio, na kikagonga ukuta. Jirani mmoja aligeuka. Kavuo, mlangoni mwa jikoni, hakusogea.

Muuguzi alifungua ukosi wa shati. Kutoka chini ya sikio hadi begani kulikuwa na michirizi mitatu myembamba ya vigaga. Aliinuka, akamvuta inspekta pembeni.

"Ngao nzima, pete nzima. Mulango inafunga na kufungua. Ile michirizi ni miiba. Kitako ya bunduki haina makucha."

"Basi ni mwongo. Anajifanya bubu."

"Sikusema hivyo. Koo ni nzima, njo nimesema. Kama ni yeye anakataa sauti, ao sauti njo inamukataa, gegedu haziwezi kuniambia. Ile ni kazi yako."

Zorobabel alirudi uani. Badala ya kumkabili Paulin, alikaa kwenye kigoda karibu na Phinées, akamwuliza kwa sauti ya mtu anayepiga soga:

"Samedi, ku shimo, nani atasema habari ya kifo?"

"Desturi inaomba mutu wa mwisho aliyekuwa naye. Anaweka mukono juu ya mugomba, anasema kwa kinywa chake mbele ya ukoo: niliona hivi, alikufa hivi."

"Na akidanganya?"

Phinées alimtazama kana kwamba ameuliza kama maji hulowesha. "Uongo ya pale inamurudilia mwenyewe. Hamalizi mwaka. Ata mwizi haifanye."

"Mais samedi Paulin hatasema."

"Atasema na nini? Tulikaa kikao, tukamuhurumia. Miye nitasoma karatasi yake."

"Karatasi inamurudilia mutu?"

"Karatasi ni karatasi," alisema Phinées, akageuka kulitazama shina la mgomba.

Inspekta aliyapanga mambo kama yalivyokuwa. Hapa kuna mtu mwenye zoloto zima. Anaweza kunong'ona, hanong'oni. Anaweza kuandika, ameandika mistari tisa bila kufuta neno. Ukoo wenyewe, kwa huruma yao, ulimwondolea mzigo wa pekee ambao karatasi haiwezi kuubeba. Mtu anayeogopa habari yenyewe huogopa kila mahali, hata kwenye daftari. Huyu aliogopa mahali pamoja tu: mkono juu ya mgomba, pale ambapo uongo humrudia mwenyewe.

Alivuta kigoda mpaka magoti yake yakakaribia ya Paulin, akamwondolea penseli pajani, polepole, akaiweka mfukoni mwake.

"Papa Paulin, sitakuomba sauti. Mama Emérence anasema kunong'ona inaomba pumuzi, ulimi na midomo, na hivyo uko navyo. Weka mukono hapa. Unong'one maneno tatu: Syauswa alikufa, nilimuona. Kisha nafunga dosia, naenda zangu."

Paulin alinyosha mkono. Vidole vilisimama shubiri moja juu ya shina. Midomo ilifunguka, ikatoka pumzi, *Syau*, ikakatika. Mkono ukarudi pajani. Akapapasa mahali penseli ilipokuwa.

"Hapana kalamu," alisema Zorobabel.

Kavuo alivuka uani, akachuchumaa mbele yake.

"Paulin. Batoto wangu banakuita parrain, baba ya ubatizo. Unitie mu kaburi leo, ao unitoe. Mais usiniache ku mulango."

Paulin alikohoa. Akakohoa tena, akainama mpaka blanketi likaanguka. Na mwishoni mwa kikohozi, pale pumzi inapobaki kidogo, sauti ikatoka nyuma yake, nyembamba, ya kukwaruza.

"Aliniita."

"Nani?" aliuliza inspekta.

"Syauswa. Aliniita mara mbili."

Habari ilikuja vipande vipande, na Zorobabel hakumharakisha. Siku ya pili ya safari, baada ya daraja, kwenye kona, watu wenye silaha walisimamisha pikapu. Nguo zao zilikuwa mchanganyiko, jeshi lao halikujulikana. Walitaka watu wa kubeba mizigo. Walichagua sita, Syauswa na Paulin wakiwamo. Mizigo ilipokuwa inafungwa, Paulin, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, aliingia shamba la kahawa, akalala kifudifudi chini ya ua wa miiba.

"Akageuka, na mufuko ku mugongo," alisema. "Hakuniona. Akaita: Paulin! Njo wakajua kuko mutu amepungua. Mwenye bunduki akakuja karibu yangu, hapa na kwa ule mulango. Syauswa akaita tena. Nikafunga koo. Nikafunga ata pumuzi isitoke. Wakapanda, wakaenda. Nikataka kumuita. Haikufunguka." Aligusa shingo. "Haikufunguka tena mpaka leo."

"Alikuwa anatembea mwenyewe?" aliuliza Kavuo.

"Anatembea. Wa tatu mu mustari."

"Risasi?" aliuliza Zorobabel.

"Hapana. Sikusikia ata moja."

Phinées alisimama ghafla, kigoda kikaanguka. "Na ukaandika mbili! Risasi mbili, kifua, mutoni! Tungezika mutu muzima, na wewe ungekaa pale unakula maharagi ya kilio!"

"Yaya," alisema Paulin, bila kuinua macho, "maiti hakuna mutu anauliza sababu gani uliiacha. Muzima, batauliza."

Phinées aliokota kigoda, akakaa.

Inspekta alimrudisha Paulin kwenye maelezo yake mara tatu: mwanzo hadi mwisho, mwisho hadi mwanzo, kisha kwa maswali ya kurukaruka. Wabebaji wangapi? Sita, wakabaki watano. Walipandia wapi? Njia ya kushoto, ile inayopita nyuma ya kanisa lisilo na paa. Mzigo wa Syauswa? Mfuko wa chumvi. Saa ngapi? Jua lilikuwa nyuma ya mabega. Sauti ilikatika mara mbili, na mara mbili Emérence alimpa maji na kumwambia akohoe, nayo ikarudi. Majibu hayakubadilika. Miiba ilikubaliana na michirizi ya shingo. Dereva wa pikapu angeweza kuulizwa, naye alikuwa mtu wa Beni anayejulikana.

Zorobabel aliandika nyuma ya fomu ya kahawa: *Syauswa alionekana hai, akitembea, tarehe kumi na tatu Juni.* Hakuandika kwamba yu hai. Hilo Paulin hakuliona, na hakuna gegedu wala karatasi iliyoweza kulisema.

Kavuo alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akifuata kalamu inavyokwenda.

"Afande, unaniandika nani pale? Mujane?"

"Muke," alisema Zorobabel, akamwonyesha neno.

Alilisoma. Kisha alikwenda kwenye moto, akaondoa sufuria, akawaambia majirani warudi kwenye nyumba zao. Phinées aliita vijana wawili wafukie shimo lililokwisha kuchimbwa. Shina la mgomba likakatwakatwa, vipande wakapewa nguruwe wa jirani, na mkeka ukakunjwa.

Paulin aliulizwa kama anaweza kuitambua ile njia ya kushoto. Alijibu kwa kinywa kwamba anaweza.

Kwa siku kumi na tano hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kumtafuta Syauswa. Ndugu zake, pamoja na Paulin, wanaanza kesho, saa kumi na mbili asubuhi.